Kiungo cha Sita

Umeme ulikatika saa saba mchana, foleni katika duka la Winfrida ikiwa imefika barabarani. Ilikuwa Oktoba 2008, msimu wa korosho, na Nachingwea nzima ilikuwa na haraka. Walimu walitaka mitihani yao itolewe kopi, makarani wa ushirika walitaka fomu, na malori kule stendi yalipiga honi utadhani honi hurudisha umeme. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Watu wakasonya na kutawanyika kutafuta kivuli. Winfrida akabaki peke yake nyuma ya kompyuta iliyozimika, akisubiri kitu alichojua kitakuja.

Kikaja. Kikohozi mlangoni, kikavu, mara mbili.

"Karibu, baba," akasema kabla hajajizuia.

"Baba?" sauti ikajibu. "Dada, nimezeeka kiasi hicho, au ni hili vumbi?"

Winfrida akainua uso kwa kushtuka. Mlangoni alisimama kijana mrefu, shati la drafti limefungwa vifungo mpaka shingoni, buti zimejaa udongo mwekundu, bahasha ya kaki kaikumbatia kifuani. Alikuwa anatabasamu. Winfrida hakuweza kutabasamu, kwa sababu katika miaka tisa hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kikohozi kile kuwa na mwenyewe.

Na usimcheke. Baba yake, Eusebio, hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kukohoa mara mbili mlangoni, hata ikiwa yake mwenyewe. Mwaka 1999 aliondoka kijijini kwao Nambambo na jembe begani, akaelekea kusini kwa ndugu zake ng'ambo ya Ruvuma kutafuta chakula, asirudi. Hakuna aliyeleta habari ya mwili wala ya kaburi. Tangu hapo, kila feni iliponyamaza, Winfrida alimsikia mlangoni. Wengine kwa hali hiyo wangeshahama mji.

"Samahani, kaka," alisema. "Nilidhani mtu mwingine. Unahitaji nini?"

"Nichapiwe hizi. Flashi yangu imeliwa na virusi, na profesa anataka majibu kabla ya mwaka kwisha." Akatoa kurasa ishirini na nne. Winfrida akazisogeza kwenye mwanga wa mlango. Zilikuwa herufi tupu, mstari baada ya mstari, bila nafasi wala nukta.

"Hii ni lugha gani?"

"Ya kirusi."

"Virusi vimekula virusi?"

Kijana akacheka sana, akavuta benchi bila kukaribishwa. Jina lake lilikuwa Bonifasi Saturnini, mtu wa Mbwemkuru huko Ruangwa, anasoma shahada ya pili. Kirusi chenyewe kilikuwa cha michirizi kahawia, ule ugonjwa unaoozesha muhogo chini kwa chini huku majani juu yakipendeza. Yeye na mwenzake wa kilimo walikuwa wamechuma majani katika mashamba kumi na mawili ya wilaya hizi mbili, yakapelekwa maabara, na kila shamba likarudi na kurasa mbili.

"Kila herufi ni kipande kidogo cha protini," alieleza. "Kirusi hutengeneza protini moja ndefu mno, vipande karibu elfu tatu vimeungana. Ikibaki hivyo haina kazi. Mpaka kimeng'enya chake, ndicho mkasi wake, kiikate mahali tisa, zipatikane protini kumi. Mimi nimeandika programu ya kubashiri inakatwa wapi."

"Programu itajuaje?"

Bonifasi akatazama kanga aliyojifunga juu ya gauni lake la kitenge. "Hiyo ulipoinunua ilikuwa doti zima?"

"Ndiyo."

"Ulijuaje pa kukata?"

"Si pale pindo linapokutana na pindo!"

"Basi. Programu inaangalia herufi chache kabla na chache baada. Ikiona pindo, inapatia mahali pale alama nyingi. Isipoona, inapita."

"Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo uje kukata kanga."

"Za kirusi, dada. Zile nzuri kama yako nawaachia wenyewe."

Umeme uliporudi walikuwa bado wanacheka, na mwalimu mmoja alilazimika kugonga meza ndipo ahudumiwe.

Kazi ilichukua wiki tano. Ingeweza kuchukua mbili, lakini Bonifasi alisisitiza kusoma herufi kwa sauti ili Winfrida asikosee, na Winfrida, ambaye hakuwahi kukosea, alikubali kwamba ni jambo la busara. Alianza kusuka nywele kila Jumamosi na kuvaa hereni zile za dhahabu bandia. Bonifasi alianza kupaka buti rangi. Akiwa shambani alipiga simu kila jioni, amepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao.

"Umekula, Wini?"

"Nitakulaje na wewe hujaniuliza?"

"Nimekuuliza sasa. Kula, mamaa, usije ukakonda nikaambiwa nimekuroga."

"Kwani hujaniroga?"

Mtandao ulikatika mara nyingi mahali pazuri.

Jambo moja Winfrida alimwambia mapema, ili asije akasema kafichwa. Vijana wawili walishaleta barua ya posa kwao, na zote mbili zilirudishwa hazijafunguliwa. Mjomba wake alikuwa tayari kuzipokea, kama desturi inavyomruhusu, lakini mama yake, Albina, alikataa. Barua huandikwa kwa baba, alisema, na baba yake yupo, amesafiri.

"Nina miaka ishirini na sita, Boni. Siolewi mpaka mtu arudi ambaye harudi."

"Yangu ataifungua," Bonifasi alisema. "Nitakwenda mwenyewe. Mimi akina mama wananipenda."

Mwisho wa Novemba programu ilikuwa tayari. Walikaa mbele ya kioo cha kompyuta, bega kwa bega, wakitazama shamba moja baada ya jingine likipata alama zake. Viungo tisa vya kukatia, mahali palepale, shamba hadi shamba. Ilipofika namba nne, programu ikasita kwenye kiungo cha sita na kutoa alama chache sana. Ilipofika namba kumi na moja ikasita tena, mahali palepale.

"Nilijua," Winfrida alisema.

"Ulijuaje?"

"Ukurasa wa nane na wa ishirini na mbili. Vidole vyangu vilijikwaa. Kurasa zingine vilishazoea."

Bonifasi akambusu kwenye paji la uso mbele ya wateja wawili. "Unajua maana yake? Kirusi cha mashamba haya mawili kimebadilisha pindo, na kimebadilisha sawasawa. Hakuna kingine kama hicho. Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Mbegu ilitoka shamba moja ikaenda jingine." "Na namba nne," akaongeza kwa fahari ya kijinga, "ni la baba yangu, mzee Saturnini." Namba kumi na moja lilikuwa la mtu wa Nambambo. Alilichuma mwenzake, yeye siku hiyo alikuwa kitandani na malaria.

Akamwachia bahasha ya madodoso, yale maswali ambayo mwenzake aliwauliza wakulima na kuandika majibu kwa penseli, ili ayapange kwenye jedwali kwa nafasi yake. Kisha wakapanga Jumapili ya kwenda Nambambo.

Mama Albina aliwapokea vizuri. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, mwenye tabia ya kuongea huku akitazama njia nyuma ya mgeni wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wini ananiambia unasomea muhogo. Njoo uone wa mume wangu."

Winfrida alibaki jikoni na moto wa chai. Nyuma ya nyumba yalikuwepo matuta kumi na mawili, yamepaliliwa safi kuliko uwanja wa kanisa. Majani yalimeremeta. Kwenye mti wa pembeni kilipigiliwa kipande cha bati, na juu yake namba: 11.

Bonifasi akakitazama. Bado alikuwa anatabasamu.

"Huu unaoza, najua," mama alisema. "Mwaka wa kumi sasa unaoza. Lakini kila msimu nakata pingili zake napanda tena. Aliniambia siku anaondoka, 'Albina, mbegu hii isipotee mpaka nirudi.' Aliipenda mno. Alipoipata aling'oa muhogo wetu wa zamani wote akapanda huu, shamba zima. Mavuno ya kwanza tulichimba uji mweusi. Ndiyo njaa iliyomtoa."

"Aliipata wapi, mama?" Bonifasi aliuliza, na swali lilipokuwa linatoka mdomoni tayari alitaka kulirudisha.

"Kijana mmoja wa Mbwemkuru. Mwaka wa mvua zile kubwa. Alikuja na baiskeli, amefunga pingili nyuma, gurudumu limepasuka. Akalala kwetu. Asubuhi akatuachia mafungu matatu, hakutaka kitu."

Mwishoni mwa Novemba 1997. Bonifasi alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, baba yake amemtuma kupeleka mbegu kwa shangazi. Mto ulijaa, akapotea njia, akakaribishwa na mtu asiyemjua. Kwao Mbwemkuru mgeni haondoki bila kuiachia kitu nyumba iliyomlaza. Alikuwa amechagua mafungu yenye majani mazuri kuliko yote.

Mama Albina hakumtambua. Winfrida siku zile alikuwa bweni, shule ya sekondari, shule ambayo njaa ilimtoa miaka miwili baadaye. Bonifasi alikunywa maji aliyopewa, akasema anajisikia vibaya, akaaga. Barua ya posa iliyokuwa mfukoni mwa koti hakuitoa.

Kuanzia siku hiyo simu yake haikupatikana.

Winfrida alipiga asubuhi, alipiga mchana. Alipima kila neno alilolisikia Jumapili ile na hakuona kosa. Siku ya nane ikaita.

"Boni! Unaumwa? Nimekukosea nini?"

"Hujakosea. Nipo Mbwemkuru. Nina kazi."

"Kazi gani isiyo na dakika moja? Mama kakuudhi?"

"Hapana."

"Basi kuna mtu. Sema tu, Bonifasi. Kuna mwanamke?"

Na hapa ndipo ninapomchukia kijana huyu, ingawa namwelewa. Aliona mlango umefunguliwa na mtu mwingine, akapita.

"Fikiria hivyo," alisema, akakata.

Winfrida alifunga duka siku mbili. Alipofungua, alikuwa amefumua nywele, na aliyemuuliza habari alijibiwa kwa bei ya kopi.

Kule Mbwemkuru, Bonifasi alikuwa anaandamwa. Haikuwa ndoto, ndoto angezivumilia. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi, akienda shambani: mtu alikuwa akitembea mbele yake kwenye njia, fungu la pingili begani, hatua za mtu asiye na haraka. Bonifasi akikaza mwendo, yule naye alikaza. Walipofika njia panda, mtu yule alikata kusini na nyasi zikafunga. Alimuuliza baba yake nani kapita. Mzee Saturnini akasema hajaona mtu, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

Baada ya Krismasi Winfrida aliamua kumaliza madodoso. Kazi ni kazi, na alitaka kuyafunga kwa kamba na kumrushia. Alipanga jedwali: namba ya shamba, mwenye shamba, kijiji, mbegu ilitoka wapi. Moja, mbili, tatu. Nne: Saturnini, Mbwemkuru, mbegu ya nyumbani. Alichapa bila kutazama, kama kawaida yake, mpaka kumi na moja. Albina, mke wa Eusebio, Nambambo. Mbegu ililetwa 1997 na kijana wa baiskeli kutoka Mbwemkuru.

Vidole vikasimama. Alisoma tena, taratibu, kwa sauti, akakumbuka Bonifasi alivyotoka nyuma ya nyumba Jumapili ile. Umeme ulikuwepo, feni ilikuwa inazunguka, na bado alisikia kikohozi mlangoni, karibu kuliko siku zote. Safari hii hakuitikia karibu. Alikunja karatasi, akafunga duka, akapanda gari la Ruangwa.

Alimkuta mzee Saturnini uani anabangua korosho.

"Shikamoo, baba. Namtafuta Bonifasi."

"Marahaba, binti. Kama ndiye wewe, umechelewa kuja. Yuko shambani anaharibu mali yangu."

Bonifasi alikuwa anang'oa muhogo wa baba yake, peke yake, shati limelowa, nusu ya shamba imelala chini. Alipomwona Winfrida katika gauni la bluu, mkoba begani, alidondosha jembe.

"Anaitwa nani?" Winfrida aliuliza.

"Nani?"

"Mwanamke wako. Nimekuja kumwona."

Winfrida akatoa karatasi, akamwekea mbele ya macho.

"Ulikuwa radhi nikuone malaya, kuliko nikuone na baiskeli?"

"Wini, mimi ndiye niliyemuua baba yako."

"Usijipe ukubwa. Ulikuwa na miaka kumi na minane na gurudumu lililopasuka."

"Nilichagua mafungu mwenyewe. Yale mazuri."

"Nimekusikia!" Alipiga kelele, na sauti ikapasuka. "Unadhani sioni uchungu? Nililala njaa kwa ajili ya mafungu yako. Nilitolewa shule. Nina hasira na wewe sijui hata niiweke wapi. Lakini ile nyingine, Boni, ile ya simu! Wiki tatu najitazama kwenye kioo natafuta kasoro yangu. Hiyo hukuifanya bila kujua. Hiyo ulijua."

Bonifasi alikaa juu ya tuta, akafunika uso kwa mikono yenye udongo. "Ninamwona," alisema. "Mchana. Ananitangulia njiani."

Winfrida hakushangaa. Alikaa naye, si karibu sana. "Mimi namsikia," alisema. "Mama ndiye haoni wala hasikii. Anasubiri tu." Kisha akaongeza, "Utamwambia wewe. Mimi sitamwambia. Akikufukuza, nitakuwa nimekupoteza, na nitalia, lakini sitaishi na wewe juu ya jambo hili lililofukiwa."

"Na akinifukuza utakwenda naye?"

"Ni mama yangu, Boni."

Walifika Nambambo kesho yake asubuhi. Bonifasi hakungoja kiti. Alipiga magoti kwenye ua uliofagiliwa, akasema, "Mama, kijana wa baiskeli nilikuwa mimi. Mbegu niliileta mimi. Vipimo vimeonyesha, na hata bila vipimo nakumbuka. Nilijua Jumapili ile, nikakimbia. Nisamehe, au nifukuze."

Mama Albina alikuwa anapepeta ufuta. Ungo ukasimama. Safari hii hakutazama njia, alimtazama yeye, uso mzima, kwa muda ambao Winfrida aliuona hauna mwisho.

"Ni wewe," alisema. "Ulikula kwangu."

"Nilikula, mama. Ugali na kisamvu."

"Ulikaa naye pale, chini ya upenu, mnaziba gurudumu. Mimi nilikuwa jikoni." Akauweka ungo chini. "Ulimwona vizuri?"

"Nilimwona."

"Basi nieleze." Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayeungama. "Picha yake ililiwa na mchwa. Na uso wake umenitoka. Mwaka wa pili huu. Ninalala nautafuta siupati. Nakumbuka mgongo tu, siku ile anaondoka. Sijamwambia mtu. Nieleze."

Winfrida akaweka mkono mdomoni. Hakujua.

Bonifasi akaeleza. Alisema mzee alikuwa na mwanya mpana, na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Macho yalifungwa kabisa alipocheka, na alicheka kwa hadithi zake mwenyewe kabla hajazimaliza. Alijifunika mvua kwa gunia la mbolea alilolitoboa tundu la kichwa. Alizamisha mpira kwenye beseni, akafuata viputo kwa kidole, na alipolipata tundu alisema, "Nimekukamata, mwizi wewe," kama anaongea na mtu. Alikuwa na kidevu kilichochongoka, ndevu chache, nyeupe upande mmoja.

"Wa kulia," mama alisema.

"Wa kulia."

"Ndiyo. Ndiyo, wa kulia." Alikuwa anacheka na machozi yanatiririka. "Huyo hapo. Eusebio huyo hapo." Alifumba macho, akakaa naye hivyo, wala hakuna aliyethubutu kusogea. Alipoyafumbua alikuwa amezeeka kidogo.

"Mtu wa vile angekuwa hai angerudi," alisema. "Asingeweza kukaa miaka yote hii bila kunisimulia."

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na majembe matatu. Wakang'oa matuta yote kumi na mawili, yeye mbele. Kila shina lililotoka lilikuwa na michirizi ile ya kahawia, ukipasua muhogo wake unaona uozo, na kila mara alisema kwa sauti ndogo, "Pumzika." Walichoma kila kitu, mpaka majani.

Siku iliyofuata ulitangazwa msiba bila mwili. Watu walikuja kutoka vijiji vyote vya karibu, wengine waliokuwa wamengoja miaka tisa kumlilia Eusebio na hawakuthubutu. Padri alisoma misa. Bonifasi alikaa na wanaume, akapasua kuni, akachota maji, wala hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Winfrida alipita mara moja na sahani, akamwekea mkono begani, hakuuondoa haraka.

Siku ya tatu, mikeka ilipokuwa inakunjwa, mama Albina alimwita. Alikuwa amekaa ukutani, kaniki mwilini, sauti imekauka kwa kulia.

"Siku ile ya kwanza ulikuja na barua kwenye koti. Niliiona."

"Ndiyo, mama."

"Ukaogopa kuitoa."

"Niliogopa. Sasa nitaipeleka kwa mjomba, kama utaniruhusu."

"Mwaka upite kwanza, nimlie mtu wangu. Kisha ilete hapa, kwangu, nitaifungua mwenyewe. Na juu ya bahasha usiandike jina la baba yake." Akajifunga kaniki vizuri. "Andika Albina, mjane wa Eusebio."

Hilo neno hakuwahi kulitamka. Winfrida, aliyekuwa mlangoni na mkeka mikononi, alikaa chini palepale, akamlilia baba yake.